Mti mkavu juu ya paa: helikopta, kreni, mkwezi, au kuuacha

Msonobari unaokufa huanza kuonyesha dalili kwenye gome kabla ya majani. Ukisogea karibu utaona vidonge vya ulimbo vilivyoganda juu ya shina, vimevimba kama bisi, na katikati ya kila kidonge kuna tundu alikopenya mbawakawa wa magome, mdudu asiyezidi punje ya mchele. Pale shina linapoingia ardhini kuna unga wa magome yaliyotafunwa. Majani bado ni ya kijani. Baadaye yanageuka manjano, halafu rangi ya kutu, na hapo ndipo jirani anakuuliza, "Huo mti wako vipi?" Mara nyingi wadudu wenyewe wakati huo wameshahamia mti mwingine.

Naishi kwenye milima ya San Bernardino, kusini mwa California, mita 1,500 na ushei kutoka usawa wa bahari, ambako nyumba za mbao zimejengwa katikati ya misonobari ya mita 30 na zaidi. Ukame wa kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 uliinyima miti hii maji ya kutengenezea ulimbo, na ulimbo ndio silaha yao kuu dhidi ya mbawakawa. Mwaka 2003 gavana alitangaza hali ya dharura katika kaunti tatu, San Bernardino, Riverside na San Diego, kwa sababu ya miti iliyokufa. Oktoba mwaka huohuo moto uliopewa jina la Old ulipanda kutoka bondeni ukateketeza nyumba zinazokaribia 1,000, na watu 6 wakafariki. Ukame mwingine ulipokuja, Idara ya Misitu ya Marekani ilihesabu miti milioni 129 iliyokufa California nzima kati ya 2010 na 2017.

Kwa hiyo huku milimani hakuna kikao cha majirani kinachokwisha bila mtu kusema, "Tuite helikopta." Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu walionunua au kupanga nyumba kwenye milima ya namna hii, Marekani au Ulaya, wanaoketi kwenye vikao hivyo na kutakiwa kuchangia fedha. Msimamo wangu nautaja mapema: helikopta inashinda njia zote kwa mti ambao hakuna mtu anayepaswa kuupanda na hakuna barabara inayoufikia. Kwa mingine ipo njia ya bei nafuu zaidi. Na miti mingi inaangukia kwenye kundi la helikopta, lenye gharama kubwa, kwa sababu mwenyewe alichelewa.

Mti unamwangukia nani?

Pima kwanza. Mti usio na kitu cha kuangukia hauhesabiwi kuwa hatari, hata ukiwa mkavu kama ukuni. Wakaguzi hapa wanatumia kipimo chepesi: chukua urefu wa mti, ongeza nusu yake. Kama ndani ya umbali huo kuna nyumba, barabara, njia ya miguu au waya wa umeme, basi mti huo ni hatari kweli. Nusu ile ya ziada inawekwa kwa sababu mti mkavu ukipiga chini hukatika vipande, na kwenye mteremko vipande hivyo hubingirika. Msonobari wa mita 30 unakaguliwa kwa mita 45.

Kama kilicho hatarini ni waya wa umeme, usitoe hata senti kabla ya kupiga simu. Sheria ya California inaibebesha kampuni ya umeme jukumu la kuondoa mti uliokufa unaoweza kuangukia nyaya zake. Ila soma vizuri karatasi utakayopewa. Mara nyingi wanaangusha na kukatakata, kisha magogo mazito yanabaki uwanjani kwako. Hapo umeondolewa nusu ya tatizo tu.

Kuangusha ni kazi moja, kutoa ni nyingine

Hili ndilo ninalotamani kila mtu alielewe kabla ya kulinganisha bei. Vikaoni watu wanauliza, "Utaangushwaje?" Kuangusha ni rahisi kama pana nafasi. Fundi mwenye chensoo anaulaza msonobari wenye kipenyo cha sentimita 75 kabla chai haijapoa. Kinachobaki chini ni kama mita tano za ujazo za mbao, uzito wa tani nne hivi mti ukiwa mbichi, nusu yake ukiwa umekauka, pamoja na mlima wa matawi yenye majani makavu. Na vyote vimelala kwenye korongo chini ya nyumba, mahali ambapo wewe mwenyewe ukishuka unashikilia vichaka usiteleze.

Huwezi kuviacha hapo. Sheria ya hapa inamtaka mwenye nyumba asafishe mita 30 kuzunguka jengo ili moto usipate chakula. Kwa hiyo swali la kulinganishia ni hili: mti huu utatokaje? Ukijibu hilo, njia ya kuuangusha huwa inajichagua yenyewe.

Na ukitoka uende wapi? Kusini mwa California viwanda vya mbao ni vichache, na mti ulioshambuliwa na mbawakawa huingiwa na kuvu inayotia mbao rangi ya buluu. Soko lake ni dogo. Mtu akikwambia magogo yatalipia kazi, mwombe akuandikie hesabu. Kuni nazo zitumie hapohapo ulipo. Mialoni ya huku inauawa na mdudu mwingine aliyegunduliwa kuwa ndiye chanzo cha vifo vya miti San Diego mwaka 2008, akaonekana kwenye mji wa milimani wa Idyllwild mwaka 2012, na anasafiri ndani ya kuni zinazobebwa kwenye magari ya watu.

Helikopta na mkwezi

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, nitakaa kidogo.

Mkwezi wa huku hupanda kwa miiba ya chuma kwenye buti na mkanda unaozunguka shina. Anakata matawi akienda juu, anakata kilele, halafu anashuka akikata shina vipande vipande. Kila kipande kinafungwa kamba inayopita kwenye ngoma ya chuma iliyofungwa chini ya mti, na mwenzake anailegeza polepole mpaka kipande kiguse ardhi. Mkwezi mzuri anafanya kazi kati ya mapaa mawili bila kuvunja kigae. Hahitaji kibali cha anga wala uwanja wa kushushia, na gari dogo linamtosha.

Udhaifu wake ni kwamba kamba na mtu vyote vinautegemea mti uleule. Kipande cha juu kinapoanguka na kamba ikakidaka, mshtuko wote unarudi kwenye shina ambalo mkwezi amejifunga. Shina bichi huyumba likaumeza mshtuko huo. Lililokufa siku nyingi hukatika.

Niliwahi kusimama na mkwezi chini ya msonobari wa jirani yangu. Alikuwa ameshateremsha kamba zake kwenye gari. Akaligonga shina kwa kisogo cha shoka, usawa wa kifua, likalia kavu na zito. Akaweka ngazi, akagonga juu zaidi. Sauti ikawa ya ngoma. Akabandua kipande cha gome kwa kidole, kikatoka chote kama ganda la karanga, na ndani mbao ilikuwa imelainika. Alishuka akaanza kukunja kamba. Alisema kwa mti huo alipaswa kuitwa miaka miwili nyuma, mwenye nyumba akanyamaza. Na kweli, mti uliokufa msimu huu bado unaweza kupandwa na mtu mwenye ujuzi. Ukipita miaka miwili mitatu, ukiona uyoga kwenye shina, kilele kimekatika, gome linabanduka, mkwezi anayejali roho yake atakataa, na anayekubali haraka ndiye wa kuogopwa.

Basi tuite helikopta? Ngoja. Katika kazi ya kawaida ya helikopta, bado kuna mtu chini anayekata mti kwa chensoo. Helikopta inakuja baadaye kuinua magogo yaliyokwisha kulala. Maana yake ile hatari ya mtu kusimama chini ya mti uliooza haijaondoka, na upepo wa mapanga ya helikopta yanayozunguka umeongezeka juu yake, upepo unaong'oa matawi makavu yaliyoning'inia kwenye miti ya pembeni. Kama sababu yako ya kutaka helikopta ni kwamba mti haupandiki, lazima uulize swali moja mahususi: je, wana kucha lenye msumeno? Hicho ni chombo kinachoning'inia kwenye kamba ndefu, rubani au msaidizi anakiongoza kwa rimoti, kinaushika mti ungali umesimama, kinakata, na kuondoka na kipande. Hakuna mtu chini. Ndicho kinachobadilisha hesabu ya usalama. Bila hicho, umekodi usafiri wa magogo.

Helikopta na kreni

Kreni ikifika, chukua kreni. Kuna zile zenye mkono unaokunjika na kucha la msumeno mwishoni: mwendeshaji anasimama pembeni na rimoti, anashika kilele, anakata, anakileta barabarani na kukiweka kwenye lori. Mti usiopandika unaondoka kwa saa chache. Uzito wote unabebwa na mashine iliyosimama kwenye miguu yake ya chuma, wala mti haudaiwi kuhimili chochote.

Lakini kreni inadai barabara, na barabara za milimani ni nyembamba zenye kona kali. Inadai mahali tambarare pa kutandaza miguu. Na nguvu yake inapungua kwa kasi kadiri mkono unavyonyooka: mashine inayoinua tani nyingi karibu na gari lake inaweza kubakiwa na kilo mia chache tu mkono ukifika mwisho. Chukua futi kamba, pima kutoka mahali gari linapoweza kusimama hadi kwenye shina, na umpe mkandarasi namba hiyo kwenye simu ya kwanza. Itawaokoa nyote siku nzima.

Helikopta, trekta za minyororo na kebo

Pale ardhi ilipo tulivu, mashine inayotembea kwa minyororo na kushika mti, kuukata na kuulaza ndiyo ya bei ndogo kwa kila mti, na mwendeshaji anakaa ndani ya kibanda cha chuma. Kikomo cha kawaida kwenye misitu ya serikali huku kimekuwa mteremko wa asilimia 35, yaani kwa kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 35. Ukivuka hapo, minyororo inachimba mifereji, na mvua ikija mifereji hiyo inakuwa mito.

Wanaoishi hapa hawalichukulii hili kuwa jambo dogo. Siku ya Krismasi 2003, miezi miwili tu baada ya moto wa Old, mvua ilinyesha kwenye miteremko iliyoungua na matope yakashuka na korongo la Waterman. Watu 14 waliokuwa kwenye kambi moja humo walikufa. Chanzo kilikuwa moto, si trekta, lakini tangu hapo udongo uliotifuliwa juu ya nyumba za watu unatazamwa kwa jicho jingine.

Kebo ndiyo njia ya Waustria na Waswisi. Mnara unasimama barabarani, waya wa chuma unavutwa mamia ya mita hadi upande wa pili wa bonde, na kigari kinachokimbia juu yake kinanyanyua magogo na kuyaleta. Udongo unaumia kidogo, mafuta ni machache. Ila inahitaji ushoroba ulionyooka, mita kadhaa kwa upana, na kuupata kunamaanisha kukata miti iliyo hai. Pia kufunga na kufungua mitambo kunakula muda, kwa hiyo haina maana kwa miti mitatu. Na kijiji chenye nyaya za umeme na mapaa kila upande huwa hakina mstari ulio wazi wa kupitishia waya.

Kwa upande wa ardhi, basi, helikopta inazishinda zote waziwazi. Haichongi barabara, haifungui ushoroba, haigusi udongo. Kwa korongo lililo juu ya chanzo cha maji ya kijiji, sababu hiyo peke yake inatosha kuikubali.

Zote ni helikopta, ila hazilingani

Mkandarasi akisema "tutaleta helikopta," muulize ni ipi. Helikopta ndogo ya injini moja kama H125, inayopendwa sana milima ya Alpi, inaning'iniza hadi kilo 1,400. Kaman K-MAX ilibuniwa kwa ajili ya kubeba vitu nje: ina mapanga ya pande mbili yanayopishana kama vidole, kiti kimoja cha rubani, na inainua kilo 2,700 hivi, zaidi ya uzito wake ikiwa tupu. Juu kabisa kuna S-64, lile jitu linalofanana na kereng'ende, lenye mapanga yanayofagia duara la mita 22 na uwezo wa tani 9 hadi 11 kutegemea toleo.

Namba hizo lakini ni za kwenye karatasi. Hewa ya milimani ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Mchana wa Julai hapa kwetu, helikopta inabeba pungufu ya ilivyobeba saa 12 asubuhi, na yenye tangi lililojaa mafuta inabeba pungufu ya ile iliyokaribia kumaliza. Kwa hiyo magogo lazima yakatwe kwa vipimo vya mashine. Gogo la mita 10 lenye kipenyo cha sentimita 60 likiwa bichi linakaribia tani mbili na nusu. K-MAX itaona taabu nalo mchana. H125 haiwezi kabisa. Mkataji asiyejua kukadiria uzito anaweza kuifanya siku nzima iwe ya kurudia kukata.

Kuna pia helikopta inayobeba nguzo ndefu yenye misumeno ya duara, mara nyingi 10 iliyopangwa kwenda chini. Hiyo ni ya kunyoa pembeni mwa nyaya za umeme. Inaacha kila kilichokatwa kidondoke kilipo. Karibu na nyumba haifai, hata ukipewa bei nzuri.

Siku yenyewe ikoje

Mashine inasikika kabla ya kuonekana. Kamba inashuka kwanza, mita 50 au zaidi, ili upepo wa mapanga uwe mbali na watu. Rubani ametoa kichwa kwenye dirisha lililobenuka anaangalia moja kwa moja chini. Aliyeko ardhini amevaa kofia ngumu na miwani, na haidaki ndoano hewani. Anaiacha iguse ardhi kwanza, kwa sababu mapanga yanapokata hewa kavu hukusanya umeme, na anayeishika mapema anapigwa shoti. Ikishatua, anaingiza vitanzi vya waya alivyokwisha kufunga kwenye magogo, anatembea kwenda upande wa juu wa mteremko, anazungumza neno moja kwenye redio. Gogo linasimama wima, linaondoka ardhini. Vumbi la majani makavu linafuka kijiji kizima.

Kanuni za usafiri wa anga za Marekani, sehemu ya 133, haziruhusu mzigo ulioning'inia kuhatarisha watu walio chini. Kwenye eneo lenye makazi, mwenye helikopta anatakiwa awe na mpango ulioandikwa, akubaliane na viongozi wa mahali hapo kuwaondoa watu kwenye njia ya mzigo, na aupitishe kwa mamlaka ya anga. Kwa lugha ya mtaani: nyumba zilizo chini ya njia zitakuwa tupu kwa saa kadhaa, barabara itafungwa, na mtu asiyetaka kutoka anaweza kusimamisha kazi ya wote. Wazee, wagonjwa wanaotumia mashine za oksijeni, wenye mifugo, wote wajulikane kabla. Nimeona kwamba jambo hili huchukua muda mrefu kuliko kuruka kwenyewe, na ndilo majirani wanaloweza kulifanya vizuri kuliko mkandarasi yeyote, kwa kugonga mlango mmoja baada ya mwingine.

Ongeza majira ya ndege. Bundi wa madoa wa California analindwa wakati wa kuatamia, na kelele karibu na viota vyake huzuiwa kuanzia Machi hadi Agosti. Ratiba ya helikopta mara nyingi inasukumwa kwenye vuli.

Kuhusu usalama wa chombo chenyewe, nitasema bila kuzunguka: kubeba magogo ni kati ya kazi ngumu zaidi ambazo helikopta inafanya. Inainua uzito unaokaribia kikomo chake mara nyingi kwa siku. Kusini mashariki mwa Alaska, kati ya Januari 1992 na Juni 1993, helikopta 6 za magogo zilianguka na watu 9 wakafa. Wachunguzi walitazama matengenezo ya mitambo, mafunzo ya marubani na mizigo iliyozidi, na sekta ikakaa na serikali kurekebisha taratibu. Unapochagua kampuni, usione haya kuuliza rubani amefanya kazi ya kamba ndefu kwa saa ngapi na wanapumzika vipi. Anayekasirishwa na swali hilo amekupa jibu.

Bei, na kwa nini mti mmoja haulipiki

Helikopta inatozwa kwa saa, na saa hiyo ni maelfu ya dola. K-MAX inakunywa lita 320 hivi za mafuta kwa saa, S-64 karibu lita 2,000. Juu ya hapo kuna gharama ya kuileta na kuirudisha, pamoja na lori la mafuta na mafundi wake, inayolipwa iwe unaondoa mti mmoja au 200.

Kinachoamua bei ya kila gogo ni muda wa mzunguko mmoja: kushuka, kufunga, kwenda, kuachia, kurudi. Kama uwanja wa kushushia uko karibu na mzunguko unachukua dakika 3, saa moja inatoa magogo 20. Uwanja ukiwa mbali na mzunguko ukawa dakika 6, yanatoka 10, na bei ya kila gogo imekuwa mara mbili bila mtu yeyote kufanya kosa. Ndiyo maana jambo la kwanza la kutafuta kijijini ni mahali pa kushushia: maegesho ya kanisa, uwanja wa shule wakati wa likizo, kipande cha ardhi chenye njia ya lori, kisichozidi kilomita moja au moja na nusu, na ikiwezekana kilicho chini ya miti ili helikopta iteremke na mzigo badala ya kupanda nao.

Mti mmoja nyuma ya nyumba yako hauwezi kubeba gharama hii. Miti ya kaya 40 zenye korongo moja inaweza. Huku kuna mabaraza ya wananchi ya kinga ya moto yanayoomba ruzuku kwa kazi za namna hii, na ombi lenye ramani, hesabu ya miti na sahihi za wenye ardhi wote hupata kusikilizwa kuliko barua ya mtu mmoja mwenye hofu. Anza na ramani.

Kuuacha

Njia hii huwa haiwekwi mezani, na inastahili. Februari 1990 kimbunga kilichoitwa Vivian kiliangusha misitu mingi ya Alpi ya Uswisi. Karibu nusu ya misitu ya nchi hiyo ipo kwa kazi ya kukinga watu dhidi ya maporomoko ya theluji na mawe, kwa hiyo kila mtu alitaka kusafisha haraka, pamoja na kwa helikopta. Lakini huko Disentis watafiti waliacha mteremko mmoja na magogo yake yamelala ovyo, wakaufuatilia miaka mingi. Magogo yale yaliyopishana yaliendelea kuishika theluji na mawe vizuri kuliko walivyotarajia, na miche ikaota katikati yake. Mwaka 1999 kimbunga Lothar kilipokuja, somo hilo lilikuwa tayari mezani.

Huku kwetu hatuna theluji ya kiasi hicho, tuna moto, na gogo lililolala karibu na nyumba ni kuni. Lakini mti mkavu ulio mbali na kila kitu ni nyumba ya vigogota na bundi, na magogo yanayooza yanamhifadhi nyoka mdogo mpole, chatu-mpira wa kusini, anayepatikana katika milima ya San Bernardino na San Jacinto. Upo pia mkato wa kati ninaoupenda: kata mti ubaki mita 4 au 5. Hauwezi tena kufika kwenye paa, ndege wanabaki na shina lao, na cha kutolewa kimepungua sana.

Miti mitatu ya mtaa wetu

Wa kwanza umesimama mita 8 kutoka barabarani, majani yake yamegeuka rangi ya kutu kiangazi hiki. Mkwezi anaweza kuupanda leo, na kreni inaufikia. Nimemwambia mwenyewe amwite mkwezi kabla ya theluji ya Desemba, kwa sababu akichelewa atabakiwa na kreni peke yake, kwa bei ya juu.

Wa pili uko ukingoni mwa korongo, mita 60 kutoka nyumba yoyote, urefu wake mita 28. Tulipima: mita 42. Haufiki popote. Umeachwa, na vigogota wameshaanza kuchonga.

Wa tatu ndio ule aliougonga mkwezi. Uko chini ya nyumba, barabara iko juu yake kwa mita 50 za mteremko mkali, na umeegemea upande wa chumba wanacholala watoto. Kreni haifiki, kebo haina pa kupita, mkwezi amekataa. Kwenye korongo hilohilo tumehesabu mingine 31 ya aina yake, kaya 12. Huo ndio mti wa helikopta, yenye kucha la msumeno, asubuhi na mapema, baada ya Agosti. Ramani imeshachorwa na sahihi 9 zimepatikana. Watoto kwa sasa wanalala chumba cha upande wa pili.